Dumu la Jumamosi

Ijumaa ile, zamu ilipokwisha, kila mwanamume wa kiwanda cha kuchapa alipewa dumu jipya la rangi ya chungwa la kukojolea, na hapakuwa na hata mmoja aliyethubutu kutoka nalo getini bila kulificha. Mmoja alilifungia ndani ya shati. Mwingine alilitia chini ya koti akaonekana mjamzito. Wino, msafishaji wa roli za mpira zinazopaka wino mashineni, alilichimbia katikati ya gunia la matambara machafu alilokuwa akienda nalo nyumbani kila mwisho wa juma, akalitwika gunia begani na kupita kama hana jambo.

Aliyegawa madumu alikuwa daktari mwanamke kutoka chuo, kijana, amevaa raba na koti jeupe lililomzidi. Alikuwa amewakusanya karibu na mashine kubwa, ikiwa imezimwa, na kusema nao bila kuzunguka.

"Sikilizeni, baba zangu. Ile dawa mnayofutia wino kwenye roli inaingia mwilini. Inapita puani, na inapita kwenye ngozi. Ikishaingia, ini linaivunja na kuigeuza kitu kingine kabisa, halafu figo zinakitoa hicho kitu kwenye mkojo. Nataka kujua inaingia kiasi gani, na mwili unachukua muda gani kuitoa."

"Kwa hiyo utatufuata mpaka chooni," akasema mzee aliyeendesha mashine kubwa.

"Nitawafuata mpaka chooni."

Watu walicheka, na kucheka kukawapa nafuu. Daktari akawaeleza. Leo kila mtu atajaza kikombe kidogo. Kesho, Jumamosi, siku ya mapumziko, kila tone litaingia kwenye dumu mpaka asubuhi ya Jumapili. Jumatatu kabla ya kazi, kikombe tena. Kwa kuwa kesho hakuna atakayeshika dawa, mwili utakuwa unajisafisha, na yeye ataona unajisafisha vipi.

"Na mtu akibanwa akiwa kwenye basi?"

"Asipande basi."

"Na akibanwa akiwa kwa mchumba?"

"Aende na dumu. Atajua kama anapendwa."

Wino hakucheka sana. Msimamizi, ambaye watu walimwita Kamera kwa sababu hakuna kilichompita, alikuwa amemvuta pembeni.

"Mzee wa mashine kubwa anastaafu, unajua," Kamera alisema. "Na jina lako ndilo liko juu. Lakini mwenye kiwanda kaniambia, pale juu anakaa mtu safi. Atakayeonekana amejaa dawa anakwenda kufunga vifurushi. Mimi nimekwambia tu."

Wino alikuwa amepitisha umri wake wa nguvu amechuchumaa chini ya mashine, tambara mkononi, akifuta wino wa kazi za watu wengine. Kusimama juu ya ile mashine, kushika mtambo, kuona karatasi ya kwanza ikitoka na kusema hii sawa au hii si sawa: hilo tu ndilo alilolitaka. Sasa lilitegemea mkojo.

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na ua mdogo wenye bafu la bati. Mkewe, mshonaji, alikuwa dirishani na cherehani yake. Mama mkwe alikuwa uani, mikono imeshakunjwa, akilisubiri gunia.

Mama huyo mtaani waliitaja sifa yake kabla ya jina lake. Walimwita Mama Mng'aro. Hakuna doa lililomshinda. Kiwanda kilimpa matambara na ovaroli za watu wote, na kikamlipa kidogo, na hicho kidogo kilikuwa chake mwenyewe, kilichomfanya akae kwa mkwe kichwa juu. Kwanza aliyakamua matambara kwa mikono mitupu mpaka dawa iliyobaki ichuruzike kwenye beseni. Ile dawa hakuimwaga. Aliitia chupani, akaiita maji ya kiwandani, na kwayo aliondoa grisi, rangi, kutu, wino wa kalamu kwenye sare za shule za mtaa mzima. Alichovya kidole, akasugua, doa likakimbia. Jumamosi zote kichwa kilimuuma na mikono ikampasuka kama ardhi ya kiangazi, naye akasema, "Uzee huo. Mnataka nifanyeje, nirudi usichana?"

Yeye na Wino walikuwa wameishi nyumba moja miaka mingi bila kutazamana machoni. Waliheshimiana mno. Wino akiingia, mama alishika upande wa pili wa ua. Mama akitaka kumwambia neno, alimwambia binti yake, hata kama Wino ameketi hapo hapo. "Mwambie mumeo chakula tayari." Na Wino naye, "Mwambie mama nimeshukuru." Mshonaji katikati alikuwa kama simu.

Wino alilitoa dumu ndani ya gunia kwa kificho, akampungia mkewe waingie chumbani.

"Ni la nini hilo?"

Akamweleza kwa kunong'ona. Mkewe aliuma mtandio wake ili asicheke.

"Siku nzima? Kila mara?"

"Kila mara. Na lisipotee tone. Mashine kubwa imo humu ndani, mke wangu."

"Mashine kubwa imo kwenye dumu la mkojo."

"Cheka, cheka. Mwambie mama basi, asije akashtuka."

"Nimwambie nini? Mama, mkweo anakusanya mikojo? Mimi sina mdomo huo. Mwambie wewe."

"Mimi? Mimi siwezi hata kumwambia mama kwamba chumvi imezidi!"

Wakakubaliana, kama watu wazima wawili wanavyokubaliana jambo la kijinga, kwamba hakuna haja ya kumwambia. Dumu litakaa bafuni nyuma ya mlango, litafunikwa kwa ndoo iliyopasuka ambayo hakuna anayeitumia.

*

Jumamosi Wino aliianza vizuri. Asubuhi alikaa uani, akinywa chai na kwenda bafuni kwa mwendo wa heshima. Kufikia adhuhuri alichoka kujifungia kama mwari, akaona kinyozi si mbali, atakwenda na kurudi.

Kinyozi alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa Wino alipohisi chai ya asubuhi inamwita. Alijikaza kisabuni. Kinyozi akaanza kumsimulia habari za bomba la maji lililopasuka kwake, maji yanavyomwagika tu, shaa, shaa, hayana wa kuyazuia. Wino alisimama na kitambaa shingoni.

"Narudi!"

"Unakwenda wapi? Choo kiko hapo nyuma!"

"Hicho hakifai!"

"Choo changu hakifai? Kina ubaya gani?"

Lakini Wino alikuwa ameshatoka. Mtaa ulimwona mtu mzima anakimbia, kitambaa kinapepea, nusu ya kichwa inang'aa na nusu ina nywele. Mbele ya nyumba alipishana na mama mkwe, akainamisha kichwa kwa adabu, upande ule wenye nywele, na kupenya bafuni. Akatoka, akakimbia tena kurudi kwa kinyozi.

Mama alimfuata kwa macho.

"Mumeo anaharisha," alimwambia binti yake dirishani. "Toka asubuhi naona. Maskini, na aibu zake, hawezi kusema. Hilo bafu litakuwa halifai."

Mshonaji alikuwa na pini midomoni na mguu kwenye cherehani. Aliitikia, "Mm," bila kusikia. Mm hiyo iliwaponza wote.

Mama alichukua ufagio, sabuni na chupa ya maji ya kiwandani, akaingia bafuni. Alisugua sakafu. Alisugua kuta. Akaifikia ile ndoo iliyopasuka, akaisogeza, na akakutana na dumu jipya kabisa, zuri, la rangi ya chungwa, na ndani yake kitu ambacho pua yake ilikitambua mara moja.

"Ee! Dumu zuri namna hii!"

Hakusita. Alimwaga kila kitu shimoni. Alilisugua dumu ndani na nje, akalipitishia maji ya kiwandani, akalisuuza kwa maji ya moto, akalipindua juu ya ukuta wa ua likauke. Lilimeremeta kama limetoka dukani. Alirudi nyuma hatua moja kulitazama, mikono kiunoni, kama mtu aliyeokoa jamaa kwenye maji.

Mshonaji alipoinua macho na kuliona ukutani, pini zote zilimtoka mdomoni.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Nimeosha. Mtu anaweka mkojo kwenye dumu la maana, mnakaa mnatazama?"

Binti akamwambia. Alimwambia yote, daktari, dawa, ini, mashine kubwa, vifurushi. Mama alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza alishuka, mpaka akajikuta ameketi chini karibu na beseni.

"Nimemwaga kazi ya mkwe wangu."

"Tutamwambia tu, mama. Si makusudi."

"Tutamwambia? Nani atamwambia? Mimi nimtazame mkwe wangu nimwambie, baba, nimeushika mkojo wako, nimeunusa, nimeumwaga? Kwa mdomo upi? Bora nihame."

"Basi nitamwambia mimi."

"Ukimwambia wewe nimejua kwamba amejua. Atanitazamaje kesho?" Mama alisimama, akajifunga kanga upya, kwa nguvu. "Ulikuwa umefika wapi?"

"Mimi?"

"Mkojo, mtoto wewe! Dumu lilikuwa limefika wapi?"

Binti alionyesha kwa kidole. Mama akalichukua dumu, akachukua na jagi la maji, akameza glasi, akameza nyingine.

"Mama, usifanye hivyo."

"Mkojo ni mkojo. Mimi sishiki mashine yoyote, niko safi kuliko yeye. Nitamsaidia. Lete jagi lingine."

Binti alitaka kukataa. Lakini alipomwona mama yake anavyokunywa maji huku ameshika ukuta, jicho moja limefumba, kicheko kilimkaba, akashindwa kusema. Jioni yote Mama Mng'aro alipishana na mkwewe mlangoni mwa bafu. Yeye akitoka, huyu anaingia. Wino, kichwa kimenyolewa chote sasa, alisema moyoni kwamba mama naye kapatwa na tumbo. Usiku alipoinua dumu alishangaa uzito wake.

"Kumbe mtu anakojoa hivi," alimwambia mkewe. "Mtu hawezi kujijua."

Mkewe aligeukia ukutani, shuka mdomoni, kitanda kikatikisika.

*

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Daktari aliwaita mmoja mmoja kwenye chumba cha karatasi, na wengi walitoka wanatabasamu. Wino alipoingia alimkuta Kamera amesimama humo, jambo ambalo si zuri.

"Kikombe chako cha Ijumaa ni cha kawaida kwa kazi yako," daktari alisema. "Cha Jumatatu kimeshuka, vizuri sana. Lakini dumu la Jumamosi siyaelewi majibu yake. Liko juu kuliko la mtu yeyote hapa. Siku ya mapumziko mwili wako umetoa mara nyingi zaidi ya siku ya kazi. Ulikuwa unafanya nini Jumamosi?"

"Nilinyoa."

"Baada ya kunyoa?"

"Nilimaliza kunyoa."

Kamera alikohoa. "Daktari, usimuonee haya, muulize. Wapo watu wanainusa hii dawa makusudi. Wengine wanaiba wanauza. Huyu kila Ijumaa anatoka na gunia."

"Gunia la matambara! Ulilonipa wewe!"

"Nilikupa matambara. Sikukupa dawa."

Siku hiyo Wino alifunguliwa gunia getini mbele ya watu wote. Kamera alitoa tambara moja moja, akalinusa, akalitupa chini, na Wino akaokota nyuma yake. Halikutoka kitu zaidi ya matambara yaliyolowa. Lakini Kamera alikuwa ameshasema neno lake, na Jumatatu yake Wino alipelekwa kwenye vifurushi, kukunja karatasi ya kahawia na kufunga kamba. Mzee wa mashine kubwa alipita akamgusa bega. Mguso huo ulimuuma kuliko maneno ya Kamera.

Nyumbani alikaa kwenye kiti na viatu vyake. Alimweleza mkewe kwa sauti ya kawaida, na mama alikuwa uani akisikia kila kitu kupitia dirishani.

"Wanasema nanusa dawa. Mimi, ambaye nikifika nyumbani nafungua madirisha yote! Ile mashine basi tena. Na sijui nimeugua nini, maana mwili wangu unatoa sumu hata nikilala."

Mshonaji alifungua mdomo. Kabla hajasema, pazia la mlango likasogea. Mama aliingia nusu, mgongo kwa mkwewe, uso kwa binti.

"Mwambie mumeo," alisema, "hajaugua."

Wino akasimama kwa heshima. "Mwambie mama nimesikia, lakini daktari amepima."

"Mwambie mumeo daktari hakupima mkojo wake."

"Mwambie mama nilijaza mwenyewe."

"Mwambie mumeo alijaza, mtu mmoja mjinga akamwaga. Akaosha dumu. Halafu akaona haya, akajaza wa kwake."

Wino alimtazama mkewe. Mkewe alitazama cherehani. Wino akatazama ule mgongo mlangoni, mabega yaliyopanda mpaka masikioni, na polepole Jumamosi ile yote ikamrudia: jagi, kupishana, uzito wa dumu.

"Ndiyo maana lilikuwa zito," alisema.

Mkewe aliuma mtandio.

"Nikasema, kumbe mtu anakojoa hivi!"

Akaanza kucheka. Alicheka akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha kiti kikamshinda. Mkewe, aliyekuwa ameshikilia kicheko chake tangu siku ile, alikiachia chote. Mama alisimama kwa ukali kwa muda, halafu mgongo ukaanza kutikisika, akashika pazia, pazia likakatika na kumwangukia kichwani. Walicheka mpaka jirani akagonga kuuliza nani kashinda nini.

Wino ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Lakini," alisema, "kama ule ulikuwa wa mama..."

Wote wakaitazama mikono ya mama iliyoshika pazia, ilivyopasuka, wino umeingia kwenye mipasuko.

*

"Hamkai kikao hapa," mama alisema asubuhi. "Mtu hafukuzwi mashine kwa mkojo wangu. Nakwenda mwenyewe."

Alivaa nguo yake ya harusi za watu, akafunga kilemba, akabeba chupa yake ya maji ya kiwandani kwenye mkoba. Getini Kamera alimzuia.

"Mama, una shida na nani?"

"Na mwenye madumu."

Ilikuwa siku ya daktari kuja kupima hewa karibu na mashine. Mitambo ilizimwa ili daktari amsikie mama, na kwa hiyo kila mtu alisikia. Mama Mng'aro alisimama katikati ya kiwanda na kukiri. Alieleza kuharisha ambako hakukuwapo, dumu zuri, sabuni, jagi. Alipofika kwenye jicho moja kufumba, mzee wa mashine kubwa alilazimika kukalia boksi la karatasi. Wino, kule kwenye vifurushi, alijificha nyuma ya rundo, halafu akaona hakuna haja, akatoka.

Kamera hakucheka. "Sasa daktari, jibu si hilo? Bibi ameosha dumu kwa dawa. Dawa ikabaki ndani. Hakuna ajabu."

"Hapana," daktari alisema. Alikuwa ameacha kucheka kabla ya wengine. "Sikupima dawa. Nilipima kile kitu ambacho ini linakitengeneza baada ya kuivunja dawa. Hakimo kwenye chupa, hakimo kwenye dumu. Hakiwezi kupatikana mpaka dawa ipite ndani ya mtu." Akamgeukia mama. "Mama, naomba nione mikono yako."

Mama aliificha kwanza. Kisha akaitoa. Daktari aliishika, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mipasuko.

"Unakamua matambara kwa mikono hii?"

"Kwa ipi tena? Ninayo hii tu."

"Na kichwa?"

"Kinauma Jumamosi. Jumatatu kinaacha. Ni uzee."

"Uzee hauachi Jumatatu, mama."

Mama alitazama chupa ndani ya mkoba wake, ile chupa aliyoipenda, akaitoa na kuiweka sakafuni, mbali kidogo na miguu yake, kama vile imesema neno baya.

"Kwa hiyo ni mimi niliyejaa."

"Ni wewe."

"Nitakufa?"

"Siku moja, kama sisi sote. Lakini si kwa hili. Mama, ule mkojo wako umeniambia mambo mawili. Moja, dawa inaingia kwenye ngozi yako kwa wingi kuliko nilivyodhani. La pili, ini lako na figo zako zinafanya kazi usiku na mchana kuitoa. Zinakupigania. Ukiacha kuingiza, zitamaliza kutoa. Hiyo ndiyo habari yenyewe."

Mama alifikiri.

"Nitajuaje kama zimemaliza?"

"Tutapima."

"Basi nipe dumu langu," Mama Mng'aro alisema. "Na uandike jina langu kwa herufi kubwa."

Kiwanda kilipiga makofi. Mzee wa mashine kubwa alipiga na sahani ya bati.

Mwenye kiwanda alishuka ngazi kuuliza mbona mitambo imezimwa na watu wanashangilia. Daktari alizungumza naye pembeni, kwa ukali wa upole, kuhusu sumu inayopelekwa nyumbani kwa watu ndani ya magunia. Mwenyewe alikunja uso, akakunjua, akasema kuanzia leo matambara yatafuliwa na kampuni ya kufua ya mjini.

"Watayarudisha na wino," mama alisema.

"Samahani?"

"Nasema watayarudisha na wino, mtachafua roli, karatasi zitatoka na alama. Nunua mashine ya kufulia, iweke pale nyuma penye upepo. Nunua glavu za kufika hapa." Alionyesha juu ya kiwiko. "Mimi nitasimama, nitaamuru. Sitagusa kitu. Na nitalipwa kama mtu, siyo kama mama mkwe."

Mwenyewe alimtazama Kamera. Kamera, kwa mara ya kwanza, alikuwa anaangalia dari.

"Na mkwe wangu arudi alikokuwa anakwenda," mama aliongeza. "Vikombe vyake vyote viwili ni vizuri. Daktari kasema mwenyewe."

"Nimesema," daktari alisema.

*

Mashine ya kufulia ilichelewa, kama vitu vyote vinavyonunuliwa na matajiri, lakini ilikuja, na glavu zilikuja. Wino alipanda mashine kubwa. Siku ya kwanza aliharibu karatasi nyingi, siku ya pili chache, na siku ya tatu alitoa moja akaishika juu kwenye mwanga na kusema, "Hii sawa," na hakuna aliyebisha.

Daktari aligawa madumu tena, safari hii mpaka kwa Mama Mng'aro. Kila aliyeshika matambara alipewa glavu na kila aliyepewa glavu alipimwa. Jumamosi hiyo bafu la bati lilikuwa na madumu mawili, ya rangi moja, ukubwa mmoja. Mshonaji, ili yasitokee ya kutokea, aliyashonea mavazi ya vitambaa vilivyobaki, moja la buluu, moja jekundu, na kwenye yote mawili akatarizi kwa uzi mweusi: HALIOSHWI.

Jioni Wino alikuwa anaelekea bafuni mama alipotoka. Alikuwa ameshajiandaa kuinamisha kichwa na kupisha. Lakini mama hakwenda upande wa pili wa ua. Alisimama mbele yake, mikono yake mipya, laini, imekunjwa kifuani, akamtazama machoni.

"Mkwe," alisema, moja kwa moja, bila kumtafuta binti yake. "Langu ni jekundu. Ukikosea utaniharibia majibu."

"Sitakosea, mama."

"Na usiniletee mikojo yako ya chai. Kunywa maji."

"Nimesikia, mama."

Dirishani cherehani ilisimama. Mshonaji alitega sikio, akaona hana tena kazi ya simu, akaendelea kushona.

Jumatatu asubuhi wanaume walifika getini na madumu yao ndani ya makoti, ndani ya mifuko, ndani ya magazeti. Kati yao akaja Mama Mng'aro, amevaa kilemba chake, dumu mkononi, nje nje, vazi lake jekundu linawaka kwenye jua. Kamera alikuwa mlangoni.

"Mama, umebeba nini hapo?"

"Mkojo wangu," mama alisema, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. "Ukague?"

Kamera alifungua geti lote, mabawa mawili, kama linavyofunguliwa kwa lori la karatasi.

Majibu yalipotoka, daktari alimsomea mama. Kile kitu kilikuwa kimeshuka, kimebaki kidogo sana, chini ya cha Wino, chini ya cha kila mtu. Mama alimwomba arudie. Akarudia. Mama akatoka nje, akapita mashine moja baada ya nyingine mpaka kwenye ile kubwa, ambako mkwewe alikuwa amesimama na karatasi mkononi.

"Nimekushinda," alimwambia.